Chumvi Barabarani Majira ya Baridi: Jinsi Kemikali za Kuyeyusha Barafu Zinavyochaguliwa na Athari Zake kwa Mazingira

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka, kati ya miezi ya Novemba na Machi, mamlaka za barabara katika nchi za kaskazini mwa dunia humwaga mamilioni ya tani za chumvi juu ya lami ili kuzuia magari yasiteleze kwenye barafu. Nchini Kanada matumizi ya mwaka yamekadiriwa kufikia wastani wa tani milioni 5, na nchini Marekani hufikia takriban tani milioni 20 katika miaka yenye theluji nyingi. Chumvi hiyo huokoa maisha ya watu. Hata hivyo, theluji inapoyeyuka chumvi haitoweki pamoja nayo, bali huingia katika udongo, mito, maziwa na visima, na sehemu kubwa yake hubaki humo.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa kemikali ya kuyeyusha barafu si suala la wahandisi wa barabara peke yao. Ni suala la usalama wa wasafiri, la maji ya kunywa, la bajeti ya umma na la wajibu wa kila mwenye nyumba anayetakiwa kusafisha njia iliyo mbele ya mlango wake. Makala haya yanaeleza kemikali zinazotumika, vigezo vya kuzichagua, madhara yake na hatua ambazo serikali mbalimbali zimechukua. Yameandaliwa kwa ajili ya wananchi waishio, wasomao au wanaotarajia kusafiri kwenda nchi za baridi, pamoja na wasomaji waliopo nyumbani wanaopenda kulifahamu jambo hili.

Mifano mingi imechukuliwa kutoka Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani ambako wanaishi maelfu ya watu wenye asili ya Afrika Mashariki, na ambako mamlaka za mazingira zimelifuatilia suala la chumvi kwa miaka mingi.

Kwa nini barabara humwagiwa chumvi

Barafu inapotanda juu ya lami, tairi hukosa mshiko. Gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, na dereva hupoteza uwezo wa kuliongoza kwenye kona na mteremko. Kwa mujibu wa Mamlaka ya Shirikisho ya Barabara Kuu ya Marekani, zaidi ya watu 1,300 hufariki dunia kila mwaka nchini humo katika ajali zinazotokea kwenye barabara zenye theluji, tope la theluji au barafu, na zaidi ya 116,000 hujeruhiwa. Mamlaka hiyo inaeleza pia kwamba takriban asilimia 70 ya barabara za nchi hiyo zipo katika maeneo yanayopata theluji.

Zamani barabara zilimwagiwa mchanga au majivu tu. Matumizi ya chumvi kwa majaribio yalianza katika jimbo la New Hampshire mwaka 1938, na kufikia majira ya baridi ya 1941 na 1942 takriban tani 5,000 zilikuwa zikimwagwa katika barabara kuu za Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtandao wa barabara kuu ulipanuka, magari yakaongezeka, na wananchi wakazoea kuona lami kavu hata katikati ya dhoruba ya theluji. Kufikia mwaka 1970 matumizi yalikuwa yamekaribia tani milioni 10 kwa mwaka. Hakuna serikali inayoweza kuacha kabisa kuhudumia barabara hizo, kwani magari ya wagonjwa, zimamoto, mabasi ya shule na malori ya chakula huzitegemea kila siku. Swali linalobaki ni kemikali gani itumike, kwa kiasi gani na mahali gani.

Namna chumvi inavyoyeyusha barafu

Maji safi huganda katika nyuzijoto 0 za Selsiasi. Chumvi inapoyeyuka ndani ya maji hushusha kiwango hicho, hivyo maji yenye chumvi hubaki majimaji hata hali ya hewa inapokuwa chini ya sifuri. Chembe ya chumvi ikiangukia barafu, huyeyuka katika utando mwembamba wa unyevu uliopo juu yake, hutengeneza maji chumvi, na maji hayo hupenya hadi kwenye lami na kuibandua barafu. Kazi kubwa ya chumvi, kwa hiyo, ni kuvunja mshikamano wa barafu na lami ili gari la kukwangua theluji liweze kuiondoa. Chumvi haikusudiwi kuyeyusha theluji yote iliyopo barabarani.

Uwezo huo hupungua haraka kadiri baridi inavyozidi. Kilo 1 ya chumvi ya kawaida inaweza kuyeyusha takriban kilo 46 za barafu katika nyuzijoto 1 chini ya sifuri. Katika nyuzijoto 7 chini ya sifuri, kilo hiyohiyo huyeyusha takriban kilo 9 tu, na katika nyuzijoto 12 chini ya sifuri huyeyusha takriban kilo 5. Mtu anayeongeza chumvi usiku wa baridi kali kwa kuona kwamba barafu haiyeyuki huwa anapoteza fedha na kuchafua maji, ilhali barabara yake inabaki ileile.

Joto linalozingatiwa ni la lami yenyewe, wala si la hewa. Lami iliyopigwa na jua mchana inaweza kuwa na joto kuliko hewa, na sakafu ya daraja inayopitiwa na upepo juu na chini inaweza kuganda mapema kuliko barabara iliyo juu ya ardhi. Ndiyo maana magari mengi ya kuhudumia barabara hufungwa vipima joto vinavyosoma uso wa lami wakati gari likiwa mwendoni.

Kemikali zinazotumika na sifa zake

Kloridi ya sodiamu. Hii ndiyo chumvi ya kawaida, ambayo kikemikali ni sawa na ile ya mezani lakini huchimbwa kama mwamba. Uingereza, kwa mfano, huchimba sehemu kubwa ya chumvi yake ya barabarani katika mgodi wa Winsford, mkoani Cheshire. Ndiyo nafuu kuliko zote na ndiyo inayotumika kwa wingi zaidi. Ingawa kinadharia maji yenye asilimia 23.3 ya chumvi hiyo huganda katika nyuzijoto 21 chini ya sifuri, barabarani haifai tena joto la lami linaposhuka chini ya takriban nyuzijoto 9 chini ya sifuri. Ili isigandane ghalani, mara nyingi huchanganywa na kiasi kidogo cha kiwanja cha feri na sianidi, ambacho nacho hufuatiliwa na mamlaka za mazingira kwa kuwa mwanga wa jua unaweza kukivunja.

Kloridi ya magnesiamu. Hufanya kazi hadi takriban nyuzijoto 15 chini ya sifuri na mara nyingi humwagwa ikiwa katika hali ya majimaji. Huvuta unyevu kutoka hewani, na kwa sifa hiyo hutumika pia wakati wa kiangazi kutuliza vumbi katika barabara zisizo na lami.

Kloridi ya kalsiamu. Hii hutoa joto inapoyeyuka, hivyo huanza kazi haraka na hufaa katika baridi kali hadi takriban nyuzijoto 29 chini ya sifuri. Bei yake ni kubwa kuliko ya chumvi ya kawaida, na huacha unyevu unaochochea kutu kwenye vyuma.

Asetati ya kalsiamu na magnesiamu. Ilitafitiwa nchini Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kupata mbadala usio na kloridi. Haichochei kutu kama chumvi na sehemu yake ya asetati huozeshwa na bakteria. Kasoro zake ni mbili. Kwanza, haifanyi kazi vizuri joto likishuka chini ya takriban nyuzijoto 6 chini ya sifuri. Pili, ni ghali mno: ripoti ya Bodi ya Utafiti wa Usafiri ya Marekani ya mwaka 1991 ilionesha kwamba bei yake ilikuwa zaidi ya mara 20 ya bei ya chumvi. Kwa sababu hiyo hutumika mahali maalumu, hususan kwenye madaraja na maeneo yenye mazingira nyeti.

Asetati na fomati za potasiamu na sodiamu. Hizi hutumika sana katika viwanja vya ndege, kwa kuwa kloridi hula bodi na vifaa vya ndege. Nchini Finland, fomati ya potasiamu imefanyiwa utafiti na kutumika katika baadhi ya barabara zinazopita juu ya hifadhi za maji ya ardhini, kwa sababu bakteria wa udongo huweza kuiozesha kabla haijafika chini.

Urea. Ni mbolea inayofahamika vyema kwa wakulima. Iliwahi kutumika kwa wingi katika viwanja vya ndege, lakini ikioza hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, na naitrojeni yake hurutubisha mwani majini. Mwaka 2012 Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa Marekani ulitoa kanuni zinazovitaka viwanja vya ndege vinavyohusika ama kuacha kemikali zenye urea katika njia za ndege, ama kuzingatia kikomo cha amonia katika maji taka yake.

Juisi ya viazisukari na molasi. Mabaki haya ya viwanda vya sukari huchanganywa na maji chumvi ili yashikamane na lami na yafanye kazi katika baridi zaidi. Hupunguza kiasi cha chumvi kinachohitajika, lakini hayaondoi chumvi yote. Aidha, yakiingia katika kijito, bakteria wanaoyaozesha hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji.

Mchanga na kokoto ndogo. Hivi haviyeyushi barafu. Huongeza mshiko wa tairi tu. Hufaa katika baridi kali ambamo chumvi haifanyi kazi. Hata hivyo, mchanga huziba mifereji, hujaza mito tope, hufunika mahali ambapo samaki hutaga mayai, na ukisagwa na magari hugeuka vumbi hewani. Gharama ya kuufagia na kuuzoa majira ya kuchipua huwa juu ya halmashauri.

Ni dhahiri kutokana na maelezo haya kwamba hakuna kemikali isiyo na madhara hata kidogo. Zile zenye kloridi hubaki majini kwa muda mrefu. Zile zinazooza hutumia oksijeni. Na mchanga hujaza mito. Wananchi wanapaswa kuwa waangalifu wanapoona mfuko dukani ulioandikwa kuwa ni salama kwa mazingira au kwa wanyama wa nyumbani. Maneno hayo pekee hayatoshi. Jambo la kuangalia ni orodha ya kemikali zilizomo na kiwango cha joto ambacho kemikali hiyo hufanyia kazi.

Athari kwa maji

Takriban asilimia 60 ya uzito wa chumvi ya kawaida ni kloridi. Kloridi haiozi, haigeuki kuwa hewa na hainaswi kwa urahisi na udongo. Hufuata maji popote yaendapo. Njia za kuiondoa kwenye maji, kama vile kuyachuja kwa shinikizo kubwa kupitia utando maalumu, ni ghali na hutumia nishati nyingi kiasi kwamba haiwezekani kuzitumia kusafisha ziwa zima.

Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa Marekani uliweka mwaka 1988 kiwango cha miligramu 230 za kloridi kwa lita kuwa kikomo cha kulinda viumbe wa majini dhidi ya madhara ya muda mrefu, na miligramu 860 kwa lita kwa madhara ya muda mfupi. Kanada iliweka mwaka 2011 miongozo iliyo mikali zaidi: miligramu 120 na 640 kwa lita. Wakala wa Kudhibiti Uchafuzi wa Minnesota huwaelimisha wananchi kwa kipimo rahisi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua takriban lita 19 za maji hadi kufikia kikomo hicho cha miligramu 230.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipofuatilia chumvi inayotumika katika eneo la miji ya Minneapolis na Saint Paul, walibaini kwamba takriban asilimia 70 ya chumvi hiyo haikuondoka na mito kuelekea baharini, bali ilibaki katika udongo, maziwa na maji ya ardhini ya eneo hilo. Makumi ya maziwa na vijito vya jimbo hilo yamepimwa na kukutwa yamevuka kikomo. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2017 ulichunguza maziwa 371 ya Amerika ya Kaskazini na kuonesha kwamba asilimia 44 yalikuwa yakiongezeka chumvi kwa muda mrefu, na kwamba barabara na maeneo ya lami kandokando ya ziwa yalihusiana na ongezeko hilo.

Maji yenye chumvi ni mazito kuliko maji matamu, hivyo huzama chini ya ziwa. Katika hali ya kawaida, maji ya juu na ya chini huchanganyika majira ya kuchipua na ya mapukutiko, na kwa njia hiyo oksijeni hufika chini. Tabaka la maji chumvi likiwa zito kupita kiasi, mchanganyiko huo huchelewa au hukoma, na viumbe wa chini hukosa oksijeni. Hali hiyo ilithibitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika ghuba ya Irondequoit, karibu na mji wa Rochester, New York, ambako chumvi ya barabarani ilizuia maji kuchanganyika kikamilifu majira ya kuchipua.

Katika visima vya kunywa, tatizo linaloangaliwa zaidi ni sodiamu. Wananchi walioagizwa na daktari kupunguza chumvi mwilini, wakiwemo wenye shinikizo la damu, wanahitaji kufahamu kiasi cha sodiamu kilichomo katika maji yao. Ushauri wa Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa Marekani kwa watu walio katika mlo wenye masharti makali ya sodiamu ni maji yasiyozidi miligramu 20 kwa lita. Kloridi, kwa upande wake, huanza kubadilisha ladha ya maji inapokaribia miligramu 250 kwa lita. Mwenye kisima anaweza, kwa hiyo, kunywa maji yenye sodiamu nyingi kwa miaka bila kuhisi tofauti yoyote mdomoni. Kipimo cha maabara ndicho kinachoweza kumwonesha.

Athari kwa udongo, mimea na wanyama

Sodiamu inapoingia katika udongo hushika nafasi ya kalsiamu na magnesiamu, madini ambayo mmea huyahitaji. Udongo wa mfinyanzi hupoteza muundo wake, hushikamana, na maji hushindwa kupenya. Mmea uliosimama katika udongo wenye chumvi huweza kukauka ilhali udongo una maji, kwa kuwa mizizi hushindwa kuyafyonza. Miti ya misonobari iliyo kandokando ya barabara kuu hubadilika rangi na kuwa ya kahawia upande unaoelekea barabara, kutokana na matone ya maji chumvi yanayorushwa na magari.

Wanyamapori nao huathirika. Baadhi ya ndege humeza chembe za chumvi wakidhani ni changarawe, na tathmini ya Serikali ya Kanada ilitaja jambo hilo miongoni mwa madhara. Wanyama wala majani huvutiwa na chumvi iliyobaki kandokando ya barabara, na kwa kuja kuilamba hugongwa na magari. Katika hifadhi ya Jasper, mkoani Alberta, mamlaka za hifadhi zimelazimika kuwatahadharisha madereva wasiwaache wanyama hao walambe chumvi iliyoganda kwenye magari.

Athari kwa madaraja, magari na mabomba

Kloridi hupenya katika zege kupitia nyufa na vinyweleo vyake. Ikifika kwenye nondo huvunja utando unaozilinda, na kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo husukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke na kumeguka. Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaifahamu hali hii vyema, kwani chumvi ya baharini hufanya kazi ileile katika nguzo na dari za majengo yaliyo karibu na ufukwe. Tofauti ni kwamba katika nchi za baridi chumvi hiyo hupelekwa na binadamu hadi mamia ya kilomita mbali na bahari.

Tarehe 30 Septemba 2006, daraja la juu la barabara ya de la Concorde lilianguka katika mji wa Laval, mkoani Quebec, na kuua watu 5. Tume ya uchunguzi ilibaini kwamba nondo hazikupangwa ipasavyo wakati wa ujenzi, na kwamba zege lilikuwa na ubora mdogo usioweza kuhimili kuganda na kuyeyuka kwa maji yenye chumvi ya barabarani. Chumvi haikuwa chanzo pekee, lakini iliharakisha kudhoofika kwa zege ambalo tayari lilikuwa na kasoro.

Mabomba ya maji nayo hayasalimiki. Mwaka 2014 mji wa Flint, katika jimbo la Michigan, ulipobadilisha chanzo chake na kuanza kutumia maji ya Mto Flint, maji hayo yalikuwa na kloridi nyingi zaidi kuliko yale yaliyokuwa yakitoka Detroit, na chumvi ya barabarani ilitajwa na watafiti kuwa miongoni mwa vyanzo vyake. Kosa kubwa lilikuwa kutoongeza dawa ya kuzuia kutu katika maji, na matokeo yake risasi kutoka katika mabomba ya zamani ikaingia katika maji ya kunywa ya wananchi. Tukio hilo linaonesha kwamba kloridi ya mtoni haiishii kwa samaki. Huweza kufika hadi kwenye bomba la nyumbani.

Hatua zilizochukuliwa na serikali mbalimbali

Kanada ilikamilisha mwaka 2001 tathmini iliyohitimisha kwamba chumvi za barabarani zinaingia katika mazingira kwa kiwango chenye madhara, na hivyo zina sifa ya kuitwa sumu kwa mujibu wa sheria ya ulinzi wa mazingira ya mwaka 1999. Serikali haikupiga marufuku matumizi yake. Badala yake, mwaka 2004 ilitoa Mwongozo wa Utendaji unaozitaka taasisi zinazotumia chumvi kwa wingi kuandaa mipango ya usimamizi, kuhifadhi chumvi chini ya paa, kuchagua mahali salama pa kutupa theluji iliyozolewa, na kutoa taarifa za matumizi.

Minnesota imejikita katika mafunzo. Waendeshaji wa magari ya chumvi, wakandarasi wa maegesho na wasimamizi wa majengo hufundishwa kupima joto la lami, kurekebisha mashine na kukokotoa kiasi kinachohitajika, na wanaofaulu hupewa cheti.

New Hampshire ilitambua tatizo la kisheria. Mkandarasi wa maegesho ya maduka humwaga chumvi kupita kiasi kwa kuogopa kushtakiwa endapo mtu atateleza na kuumia. Kwa hiyo sheria ya jimbo hilo humpa kinga dhidi ya madai ya namna hiyo mkandarasi aliyepata mafunzo, akapewa cheti na kuweka kumbukumbu za kazi yake kwa kufuata taratibu. Hatua hiyo ina uzito kwa kuwa maegesho na njia binafsi huchangia sehemu kubwa ya chumvi katika maeneo ya mijini.

Barani Ulaya, jiji la Berlin kwa miaka mingi limewazuia wakazi kumwaga chumvi kwenye njia za miguu na kuwataka watumie mchanga au kokoto, kwa lengo la kulinda miti ya mitaani na maji ya ardhini. Mkoa wa Quebec, nchini Kanada, umechukua njia ya kuimarisha gari lenyewe: kila gari lililosajiliwa humo ni lazima liwe na tairi za majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi.

Kupunguza kiasi bila kupunguza usalama

Uzoefu wa nchi hizi unaonesha kwamba kubadilisha kemikali peke yake huleta nafuu ndogo kuliko kupunguza kiasi kinachomwagwa. Zipo mbinu zinazotumika kwa mafanikio.

Mbinu ya kwanza ni kukwangua theluji kabla ya kumwaga chochote, ili chumvi isipotee katika theluji ambayo ingeweza kuondolewa kwa chuma.

Mbinu ya pili ni kumwaga maji chumvi juu ya lami kabla dhoruba haijafika. Barafu ikizuiwa isishikamane na lami tangu mwanzo, huhitajika chumvi kidogo kuliko ile ya kuibandua baada ya kuganda. Hata hivyo, mbinu hii haifai iwapo mvua inatarajiwa kutangulia theluji, kwani mvua huosha maji chumvi yote.

Mbinu ya tatu ni kulowesha chumvi inapotoka garini. Chumvi kavu ikidondoka huruka, na majaribio yaliyofanyika Michigan yalionesha kwamba takriban asilimia 30 huishia nje ya barabara. Chumvi iliyoloweshwa hushikamana na lami na hupotea kidogo sana.

Mbinu ya nne ni kurekebisha mashine kila msimu na kupunguza mwendo wa gari linalomwaga. Mbinu ya tano ni kuhifadhi chumvi chini ya paa na juu ya sakafu isiyopitisha maji, kwa sababu lundo lililoachwa wazi huchafua visima vya jirani hata kabla chumvi haijafika barabarani.

Katika kuchagua kemikali, mamlaka huanza na joto la lami linalotarajiwa, kisha huangalia maji yaliyo karibu, aina ya daraja au barabara, idadi ya magari na hatimaye gharama. Gharama inayostahili kuhesabiwa si bei ya mfuko tu, bali pia ukarabati wa madaraja, kutu ya magari, na visima vitakavyohitaji kuchimbwa upya.

Ushauri kwa wananchi

Wananchi waishio katika nchi za baridi wanakumbushwa kwamba katika miji mingi mwenye nyumba ana wajibu wa kisheria wa kusafisha njia ya miguu iliyo mbele ya nyumba yake. Jijini Minneapolis, kwa mfano, mwenye nyumba ya familia moja hupewa saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka. Kila mmoja anashauriwa kusoma kanuni za mji wake, na mpangaji ahakikishe mkataba wa pango unaeleza wajibu huo ni wa nani.

Inashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, ondoa theluji mapema kwa koleo kabla haijakanyagwa na kugeuka barafu. Theluji iliyoondolewa haihitaji chumvi.

Pili, soma kipimajoto. Ikiwa baridi imezidi nyuzijoto 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida haitasaidia. Tumia mchanga kuongeza mshiko, au kemikali inayofaa kwa baridi hiyo.

Tatu, pima kiasi. Kikombe kimoja cha kahawa, yaani takriban nusu kilo ya chumvi, kinatosha njia ya kuingizia gari yenye urefu wa mita 6 au vipande 10 vya njia ya miguu. Chembe zinapaswa kuachana kwa takriban sentimita 8. Zikiwa zimerundikana, zimezidi.

Nne, fagia chumvi iliyobaki baada ya barafu kuondoka na uitunze kwa matumizi mengine. Usiiache isombwe na maji hadi kwenye mtaro.

Tano, mwenye kisima karibu na barabara kuu au ghala la chumvi apime maji yake mara kwa mara kwa sodiamu na kloridi, na matokeo ayapeleke kwa daktari iwapo nyumbani kuna mgonjwa wa shinikizo la damu au figo.

Sita, dereva apunguze mwendo, aache nafasi ya kutosha nyuma ya gari la kumwaga chumvi, na asichukulie kwamba barabara iliyomwagiwa chumvi haitelezi. Gari lioshwe hadi chini ya bodi katika majira yote ya baridi ili kupunguza kutu.

Saba, vaa viatu vyenye soli yenye mshiko. Kila mtembea kwa miguu na kila dereva aliyejiandaa hupunguza shinikizo kwa halmashauri la kumwaga chumvi zaidi, na chumvi isiyomwagwa leo haitahitaji kuondolewa katika maji ya kunywa kesho.